Ukuta Usiosikia

X nyekundu ilianza kujitokeza kwenye ukuta wa Mzee Yoramu Chilongani wakati mwenyewe akiwa bado ananitukana. Ilitoka taratibu kama jasho, kwanza madoa, halafu mistari miwili iliyokatana juu ya lipu aliyoipaka kwa ajili ya harusi ya binti yake.

"Oneni sasa," akawaambia majirani huku akivuta kigoda na kukaa mbele ya mlango. "Zamani Wahehe walikuja na mikuki, tukawaona kwa mbali tukakimbia. Siku hizi wanakuja na kishikwambi, tena wamejipulizia manukato."

"Na ninyi zamani mvua ikianza mlihama na ng'ombe wenu," nikamjibu. "Mngeendelea hivyohivyo, nisingekukuta leo umejenga kooni mwa mkondo wa maji."

Majirani wakacheka. Mimi ni Vaileth Kihwele, Mhehe, na yeye ni Mgogo; babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaturithisha utani. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, hata siku anapokuja kukuvunjia nyumba. Lakini kila nilipogeuka nilimkuta Mzee Chilongani akiitazama ile X kwa jicho la pembeni, kama mtu anayeogopa jambo jingine lisijulikane.

Niliitazama na mimi. Ilikuwa na mapengo. Kwenye kona za nyumba rangi ilikolea, katikati ya ukuta ikafifia kabisa, ikatokea tena juu karibu na bati. Nikalaumu kiwanda. Tangu wapewe zabuni ya pili, mambo yao yalikuwa ya kulipua.

Wageni wa jiji la Mbugani huwa hawaamini mpaka waone. Sisi hatuna tingatinga la kubomolea, wala hatupeleki askari, na hakuna mama anayelala chini mbele ya katapila. Jiji lilipoanza kujengwa ovyo, kila mtu na kibanda chake mpaka gari la zimamoto likakosa pa kupita, halmashauri ilitunga sheria ndogo moja tu: saruji yote itakayouzwa mjini iwe saruji sikivu. Ndani ya kila mfuko kuna chembe zilizochanganywa kiwandani, ndogo kuliko unga wa muhogo. Ukinunua mfuko, muuzaji anaugusisha na mashine na kuupa namba ya kiwanja chako. Tangu hapo chembe zile zinasikia namba hiyo peke yake. Ukijenga panaporuhusiwa, ukuta wako utakaa mpaka wajukuu. Ukijenga pasiporuhusiwa, afisa wa eneo anatuma Amri ya Kuachia. X inatoka, unapewa muda wa kutoa vyombo, kisha chembe zinaachiana mikono na ukuta unakuwa vumbi.

Tatizo ni kwamba ramani nayo haitulii. Ramani Hai ya jiji inasoma maji ya ardhini na mvua za milimani, na kila msimu inabadilisha matumizi ya viwanja. Mzee Chilongani alijenga kihalali, pakiwa makazi. Msimu huu ramani ikaamka ikasema hapo ni njia ya maji. Na kwa bahati mbaya ramani ilikuwa sahihi: bwawa la juu lilikuwa limejaa pomoni, na alasiri ile milango yake ingefunguliwa lisije likapasuka. Maji yangeshuka kwenye mkondo, yangekuta nyumba na uzio wa Mzee Chilongani vimeziba koo, yangegeuka kulia na kumiminika Bondeni, mtaa wenye vyumba vya kupanga vilivyobanana kama meno. Gari la matangazo lilikuwa limepita Bondeni tangu asubuhi. Waliotoka ni wachache. Wengine walikuwa kazini, watoto na wagonjwa wamefungiwa ndani.

Ndiyo maana nilituma amri bila kusita. Simu ikaita.

"Afisa Vaileth? Ni Sista Modesta, wa zahanati." Sauti ya mkunga yule, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, ilikuwa inatetemeka. "Njoo uone. X imetoka kwenye wodi yangu ya wazazi."

* * *

Zahanati iko ng'ambo ya mkondo, mahali pa juu, kiwanja halali kabisa. Nilivuka kivuko mbio nikiwa nimeshika viatu mkononi.

Sista Modesta alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya pazia. X ya pale haikuwa na pengo hata moja. Ilikuwa nyekundu, nene, imetoka sakafuni mpaka juu, kwenye kuta tatu kati ya nne. Nikainua macho. Juu yetu palikuwa na dari la zege.

Nikagusisha kishikwambi ukutani. Kikasoma: kiwanja cha Yoramu Chilongani.

"Saruji yake mliipata wapi?" nikauliza, ingawa nilishaanza kuelewa.

"Si tulijenga kwa msaragambo, mtaa mzima," alisema Sista. "Jiji lilitupa kiwanja, pesa ya ujenzi ikachelewa. Wanawake walikuwa wanajifungulia pale nje kwenye turubai. Wenye saruji majumbani wakaitoa. Tukasema jiji likileta yake, tutawarudishia. Haikuja mpaka leo."

Mtaa ule wanaazimana saruji kama wanavyoazimana chumvi. Sheria inakataza, wanajua inakataza, lakini ukimwambia mtu wa pale kwamba mfuko wake ni wake peke yake atakuona una kasoro ya malezi. Nikafungua amri. Nikatafuta pa kuchagua ukuta huu uachwe na ule uanguke. Hapakuwepo. Amri inaita namba, na yeyote mwenye namba ile anaitika, awe uani kwa mwenyewe au ng'ambo ya pili.

"Watoe wagonjwa," nikasema.

"Wanne wametoka kwa miguu yao. Huyu hatoki."

Mwanamke alikuwa amelala kitanda cha mwisho, uso umevimba, macho nusu wazi, dripu mkononi. Aliitwa Tatu, alipanga chumba kulekule Bondeni, na jirani yake ndiye aliyemleta.

"Kifafa cha mimba," Sista aliniambia kwa sauti ya chini. "Amepata degedege mara mbili tangu asubuhi. Gari la hospitali ya rufaa limekwama, barabara imefungwa kwa ajili ya maji. Nikimwinua tu, ile mishtuko inaanza upya, na mtoto yuko njiani. Nikimwacha atulie humu gizani, nitawaokoa wote wawili. Nikimtoa nje kwenye jua na kelele, sijui."

"Hujui au hawezi?"

"Afisa, mimi nazalisha tu. Huko kujua yote ni kazi ya ramani yenu."

Nilistahili jibu hilo. Kishikwambi kilikuwa kinahesabu muda wa kutoa vyombo, na ulikuwa unaishia palepale milango ya bwawa itakapofunguliwa, maana mimi mwenyewe ndiye niliyeupanga hivyo.

* * *

Nilimpigia mkurugenzi wetu wa mipango, Bwana Kaberege. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyekaa na ramani mpaka akaanza kuona watu wote kutoka juu.

"Usighairi," akasema kabla sijamaliza. "Bondeni kuna watu wangapi? Huko wodini kuna wangapi?"

"Wodini wapo wawili, mzee. Mmoja hajazaliwa."

"Umejijibu mwenyewe."

"Lakini hawa wa Bondeni wanaweza kupona kwa njia nyingine, na huyu akiangukiwa na dari..."

"Njia ipi? Nitajie." Hakunisubiri. "Vaileth, ule ukuta umejengwa kwa saruji ya wizi."

"Ya kuazimwa."

"Sheria haijui kuazimana. Mtoeni huyo mama kwa machela, mwombe Mungu, basi. Ukighairi, amri haiwezi kutolewa tena mpaka kesho. Maji hayatasubiri kesho."

Akakata. Nilikaa kwenye ngazi ya zahanati nikiwa peku. Naomba nieleweke: nilimchukia kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Kule chini nilikuwa naona mabati ya Bondeni, moshi wa mchana, kamba za nguo. Nikigusa kidole gumba mahali palipoandikwa "Ghairi", wale wote ningekuwa nimewaweka rehani. Nisipogusa, dari lile ningekuwa nimelishusha mimi, juu ya mwanamke ambaye hata hajui jina langu. Nililia. Nililia kwa hasira, nikiwalaani waliotunga sheria na waliozaliwa na tabia ya kugawa.

Halafu nikaikumbuka ile X yenye mapengo.

* * *

Mzee Chilongani alikuwa bado kwenye kigoda. Majirani walikuwa wanamtolea makochi. Sikumsalimu, nilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, pale rangi ilipofifia, nikachimba lipu kwa ufunguo. Ilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Nyuma yake ukatoka udongo mwekundu, mkavu, ukanimwagikia miguuni.

"Mtani," akasema taratibu. "Usinivue nguo mbele za watu."

"Nyumba yako ni ya nini, mzee?"

Akatazama chini. "Nguzo za kona na mkanda wa lenta kule juu ni saruji. Hapo katikati ni tofali za kuchoma na tope. Uzio nao hivyohivyo. Saruji yangu nilipeleka kule." Akanyoosha kidevu kuelekea zahanati. "Mke wangu marehemu alijifungulia kwenye lile turubai, na mvua ikinyesha. Sikuweza kulala na mifuko uani. Halafu nikaona aibu watu wakijua nakaa nyumba ya tope, mzee mzima, nikaipaka lipu ya chokaa."

Kujenga mjini kwa udongo ni kosa kubwa kuliko kujenga mtoni, maana udongo hausikii amri. Alikuwa ananipa kisu na kunionyesha shingo.

"Amri yangu imeshika wodi," nikamwambia. "Ndani kuna mama asiyehamishika. Nikighairi, nyumba yako inabaki, na maji yanakwenda Bondeni. Ila nyumba ya tope inavunjika kwa nyundo. Tukitoboa kuta zote, maji yatapita katikati ya nguzo."

Alinielewa kabla sijamaliza. Alisimama, akaigusa fremu ya mlango, akaketi tena.

"Muda upo?"

"Sijui."

"Na ukighairi, hakuna kurudi nyuma?"

"Hakuna."

Nikakishika kishikwambi. Kidole gumba kilikuwa kimelowa jasho, mashine ikakikataa. Nikajifuta kwenye sketi, nikabonyeza tena. "Amri imeghairiwa," ikasema kwa ile sauti yake ya upole, kama vile imeniagizia chai.

"Nyundo zipo," akasema Mzee Chilongani. "Lakini la kwanza piga wewe. Kwetu mfiwa hashiki jembe la kaburi, kazi hiyo ni ya mtani. Nami leo nimefiwa na nyumba."

Basi mimi, mtumishi wa jiji, nikaishika nyundo kubwa na kupiga ukuta wa sebule uliokuwa na picha ya harusi. Ilibidi kwanza niitungue picha. Pigo la kwanza lilinirudi mabegani. La pili likazamisha tofali ndani. Nyuma yangu mtaa mzima ukaingia kwa sululu, mitaimbo na michi, na waliokuwa wakitoa makochi sasa walikuwa wakitoa ukuta.

* * *

Bwawa lilifunguliwa tukiwa tumemaliza uzio na ukuta wa mbele. Hatukuliona, tulisikia tu ving'ora milimani, kisha ukimya, kisha mlio kama wa lori linaloteremka bila breki. Maji yalikuja ya kahawia, yamebeba magogo. Yaliingia mlango wa mbele bila hodi, yakapita sebuleni, yakagonga ukuta wa nyuma wa chumba cha kulala ambao hatukuwa tumeumaliza.

Yakaanza kupanda. Niliona ukingo wa kulia, upande wa Bondeni, ukilowa. Utando wa maji, mwembamba kama wa kusuuzia kikombe, ukavuka na kuanza kuteremka kuelekea kwenye mabati. Mwanamke mmoja kando yangu akapiga yowe. Mwanawe alikuwa kule. Nikajiambia, Vaileth, umewaua.

"Tokeni!" nilipiga kelele. "Tokeni wote!"

Walitoka wote isipokuwa mwenye nyumba. Nilimwona kupitia tundu la dirisha, maji kiunoni, akiupiga ukuta wa chumba chake kwa mtaimbo huku akiutukana Kigogo. Alikuwa akiutukana kwa majina, kama mtu anayegombana na ndugu. Tofali moja likatoka. Likatoka la pili. Kisha ukuta wote ukasogea kwa pamoja, ukapiga magoti, na maji yakapita na mzee ndani yake.

Ilikuwa nguzo ya kona iliyomdaka. Saruji yake mwenyewe, ile kidogo aliyojibakizia. Aliikumbatia mpaka tukamrushia kamba, na tulipomvuta ukingoni alikuwa anatapika tope na kucheka.

"Mtani," alisema, "nadhani nimeoga vya mwaka mzima."

Kule kulia, maji yalirudi nyuma ya ukingo. Bondeni yalifika kwenye vizingiti vya nyumba za mwanzo, yakachukua kuku na masufuria, yakaishia hapo. Kabla jua halijazama mkondo ulikuwa umechimba msingi, na zile nguzo zikalala moja baada ya nyingine, bati likaenda na maji. Tulisimama tukatazama. Huyo ndiye maiti tuliyekuja kumzika.

* * *

Kishikwambi kilinitaka nifunge shauri. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la zahanati, Mzee Chilongani amejifunika shuka la wodini. Ndani kulikuwa kimya, na ukimya ule ulinitesa kuliko ving'ora.

"Nikuambie ukweli," nikasema. "Ramani ndiyo iliyohama, wewe ulijenga kihalali. Nikiandika kwamba jengo limeondoka kwa sababu ya ramani, jiji litakupa kiwanja kingine na saruji yako yote upya. Lakini kabla ya kukupa watapima tope la huku chini kutafuta chembe za namba yako, wajue walipe kiasi gani. Zitapungua. Wataanza kuuliza zilizobaki ziko wapi."

"Watakuja hapa."

"Watakuja. Na sheria inasema saruji iliyohama kiwanja iachiwe."

Akaitazama wodi. "Na njia nyingine?"

"Niandike kwamba umebomoa mwenyewe kwa hiari. Hapo hawapimi. Wananiuliza mimi swali moja, kama saruji yote imerudi vumbini. Nikisema ndiyo, namba yako inakufa, na chembe zake hazitasikia tena amri ya mtu yeyote, hata ya mkurugenzi wangu anayejua habari za wodi. Lakini anayebomoa kwa hiari hapewi kitu. Wala kiwanja, wala mfuko."

Akajivuta shuka mabegani. Sikutaka kumsaidia kuwaza. Nilikuwa nimemvunjia nyumba, nisingeweza pia kumwambia afurahi. Nilitaka achague kiwanja. Nasema kweli, sehemu yangu moja ilitaka achukue haki yake, ili mimi nisidanganye, nirudi ofisini nikiwa na mikono safi na kumwachia Bwana Kaberege dari lile.

Mlango ukafunguliwa. Sista Modesta alitoka akiwa na damu kwenye aproni, akaegemea fremu.

"Mama amefumbua macho," alisema. "Wa kike. Anapiga kelele kama mnadani, hamsikii?"

Sasa tulimsikia.

Mzee Chilongani akaanza kulia, waziwazi, kamasi na yote, kisha akajifuta na shuka la serikali.

"Andika hiari," akasema.

"Utalala wapi?"

"Kwa binti yangu. Mkwe wangu hanipendi, lakini anapika vizuri. Andika, mtani, kabla akili haijanirudia."

Nikaandika. Swali likatokea, maandishi meusi kwenye kioo cheupe: je, saruji yote ya kiwanja hiki imerudi vumbini? Nilikuwa sijawahi kuidanganya ramani. Nilikuwa nimekula kiapo mbele ya mwanasheria wa jiji, mkono juu. Nikabonyeza "Ndiyo", na safari hii mashine ilinikubalia mara moja.

Tuliingia wodini kwa kunyata. Ukutani ile X ilikuwa inafifia, kwanza miguu, halafu mikono, mpaka ikabaki doa moja la waridi katikati, nalo likaondoka. Mzee akaweka kiganja pale lilipokuwa doa, akaukanda ukuta kidogo, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

"Basi nyumba yangu ni hii," akamwambia Sista Modesta. "Mama akiamka vizuri, mwambie nimempangisha bure."